Upepo Unatoka Wapi?

Maswali mengi anayoulizwa mtoto darasani yana majibu ambayo muulizaji anayo tayari. Saba mara nane ni ngapi? Makao makuu ya nchi yako wapi? Wingi wa "ukuta" ni nini? Mwalimu anauliza akiwa na jibu, mtoto anajua kwamba mwalimu analo, na kazi yake ni kulifikia lile lile. Siwalaumu walimu kwa hilo. Mwenye watoto 80 kwenye chumba kimoja hana njia nyepesi ya kujua nani ameelewa na nani anaitikia tu kwa kufuata wenzake. Lakini mtoto akimaliza shule ya msingi bila kuulizwa swali la aina nyingine, anajenga imani ambayo ni ngumu kuing'oa ukubwani: kwamba maarifa ni mali ya watu wengine, na yeye yupo pale ili apimwe kama yamemfikia.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto, na katika kazi hiyo hakuna ninachokipenda kama kufuatana na waandishi wanapokwenda kutembelea shule. Nawapenda hasa wale wanaofanya yote mawili, wanaotunga hadithi na kuichora kwa mkono wao wenyewe. Nimewatazama wakiingia madarasani, mjini na vijijini. Watu wengi huipima ziara ya namna hii kwa idadi ya vitabu vilivyokabidhiwa au kwa jinsi watoto walivyoshangilia. Mimi naipima kwa maswali. Mchoraji wa vitabu ni miongoni mwa watu wazima wachache wanaoweza kusimama mbele ya mtoto wa miaka tisa na kumuuliza jambo ambalo wao hawalijui na mtoto analijua.

Nafasi hiyo hupotea kirahisi sana. Mgeni akifika shuleni huanzia ofisi ya mwalimu mkuu. Anasaini kitabu cha wageni, analetewa soda, anasubiri. Nje, watoto wamepangwa mistari chini ya mwembe tangu saa tatu. Kuna wimbo wa kukaribisha, kuna ngonjera, na kuna risala inayosomwa na mwanafunzi wa Darasa la Saba kwa sauti iliyofanyiwa mazoezi wiki nzima: shule ilianzishwa mwaka fulani, ina wavulana kadhaa na wasichana kadhaa, inakabiliwa na upungufu wa madawati, matundu ya vyoo na nyumba za walimu. Yaliyomo kwenye risala ile ni kweli tupu, na inauma kuyasikia yakisomwa na mtoto mbele ya mtu asiye na uwezo wa kujenga hata tundu moja. Kisha mgeni anasimama, anawahimiza wasome kwa bidii, anainua kitabu juu ili wakione kwa mbali, makofi yanapigwa, picha zinapigwa, anaondoka. Watoto wamemwona mheshimiwa mwingine. Mwandishi hawajamwona.

Kwa hiyo siku hizi nikiandika barua ya kuomba kutembelea shule, naomba tuingizwe darasani moja kwa moja, na mwalimu wa darasa abaki humo ndani nasi. Mchoraji naye namwomba jambo moja: asitegemee kitabu kilichokamilika. Aje na kile ambacho bado kinamsumbua.

Tulipokwenda Pangani ilikuwa Agosti, upepo wa kusi umeshika. Shule yenyewe iko mahali ambapo bahari unaisikia bila kuiona, minazi imeziba. Mchoraji niliyekuwa naye ni mzaliwa wa Temeke, na wakati ule alikuwa akiandaa kitabu kuhusu mama anayemsubiri mumewe arudi kutoka kuvua. Alikuja na rasimu: karatasi za penseli zilizoungwa kwa utepe wa gundi, maneno kayaandika kwa mkono, sehemu nyingine tupu kabisa. Watoto wa Darasa la Nne wakasimama. "Shikamoo mwalimu!" Kwa mtoto wa shule, mtu mzima yeyote anayesimama mbele ya ubao ni mwalimu. Akaitikia marahaba, akawaketisha, akabandika ubaoni picha moja kubwa ya kurasa mbili zinazotazamana.

Kushoto, mama amesimama mchangani, kanga yake inapepea. Kulia, mbali kidogo, ngalawa inarudi, tanga limejaa. Ilikuwa picha nzuri. Kanga ile ilichorwa kwa uangalifu mkubwa, mikunjo yake yote inaonekana, ncha yake imenyooka kuelekea baharini aliko mwenye ngalawa. Mchoraji akaanza kusoma maneno ya ukurasa ule. Hakufika mwisho, maana msichana aliyekaa karibu na dirisha aliinua mkono.

"Mwalimu, hapo upepo unatoka wapi?"

Mwalimu wa darasa, aliyekuwa amesimama nyuma, akamwambia akae, asikilize kwanza. Mchoraji akaomba aachwe.

"Kwani umeona nini?"

"Tanga limejaa kuja huku nchi kavu. Kanga ya mama inapepea kwenda baharini."

Darasa zima likaitazama picha upya. Mchoraji naye akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama. Alikuwa amekaa na ile picha wiki nyingi. Kisha akawageukia, akauliza: "Sasa nibadili lipi, tanga au kanga?"

Hilo ndilo swali ninalolizungumzia. Kwanza watoto waliangaliana. Wengine walimtazama mwalimu wao wakitafuta dalili usoni mwake, kama walivyozoea, na hawakuipata, kwa sababu mwalimu naye alikuwa anawaza. Mvulana mmoja akasema libadilishwe tanga, ngalawa iwe inaondoka. Mwenzake wa dawati la mbele akamkatalia: "Ikiwa inaondoka, mama anamsubiri nani?" Mwingine, ambaye mjomba wake ni mvuvi, alisimama akaeleza kwa mikono miwili jinsi upepo unavyoingia kutoka baharini mchana majira yale, na jinsi nguo zilizoanikwa uani kwao zinavyopepea kuelekea minazini. Ubishi ukapamba moto. Mwalimu wa darasa, yule yule aliyemkalisha msichana, akawa yumo ndani ya ubishi, anaonyesha kwa rula namna chombo kinavyotafuta mlango wa mto. Mwisho wakakubaliana kwamba kosa liko kwenye kanga. Mchoraji akatoa raba mfukoni, akaifuta pale pale mbele yao, akaichora upya ikielekea nchi kavu.

Halafu akawaeleza kwa nini ilikuwa imeelekea kule. Kitabu cha Kiswahili tunakisoma kutoka kushoto kwenda kulia, na ukurasa tunaufungua kwa kuushika kona ya kulia, kwa hiyo mchoraji hutafuta kitu cha kulisukuma jicho upande huo, ili mkono ufuate. Mtoto mmoja akasema madrasa wao wanaanzia kulia. "Basi kitabu changu kingekuwa cha madrasa," akauliza mchoraji, "mama angesimama upande gani?" Wakajibu pamoja bila kufundishwa na mtu: kulia. Akarudi kwenye tatizo lake. Kanga ndiyo iliyokuwa ikilipeleka jicho mbele, na sasa imegeuka. "Mmeniondolea kanga, na mama amesimama tu. Nani atatupeleka ukurasa unaofuata?"

Ni yule yule msichana wa dirishani aliyejibu. "Weka mtoto anakimbilia majini."

"Mtoto wa nani?"

"Wa huyo mama. Si baba yake ndiye anarudi?"

Hadithi ile haikuwa na mtoto. Ilikuwa hadithi ya mke na mume na bahari. Mchoraji aliandika kitu pembeni mwa karatasi yake, na nilipoitazama baadaye kwenye basi la kurudi Tanga, nikakuta kachora mtoto wa kike ana miguu mirefu, mchanga unaruka nyuma ya visigino vyake. Kuanzia ukurasa ule hadithi ilibidi iandikwe upya.

Ujuzi ule wa upepo haumo kwenye mtihani wowote. Watoto wale walikuwa nao siku zote, wameupata uani, ufukweni, kwenye mazungumzo ya wakubwa, lakini hapakuwa na mtu mzima aliyeuhitaji darasani. Kuhitaji ndiko kunakofanya kazi. Swali la kujifanya watoto hulitambua mara moja. Nimewaona wageni wakiuliza, "Eti watoto, tembo ana nini kirefuuu?" na darasa likaitikia "mkongaaa" kwa sauti ile ile wanayoitikia kila siku, macho yako kwingine. Pale Pangani hapakuwa na kiitikio. Kila mtoto alisema jambo lake, na mengine yalipingana, na mtu aliyetoka mbali alikuwa anayaandika kwa sababu bila hayo kitabu chake kingekuwa na kosa.

Mchoraji mwingine ninayefanya naye kazi, dada mmoja mwenye uzoefu mrefu, ana namna yake ya kufungua kitabu mbele ya watoto. Anachukua karatasi moja pana ya gazeti, anaikunja mara tatu, kisha anawapa kalamu waandike namba za kurasa bila kuikata, wakichungulia ndani ya mikunjo. Wanafika 16. Halafu anaikunjua yote na kuibandika ubaoni. Namba 1 imekaa jirani na 16, na namba 8 imesimama kichwa chini miguu juu. Hapo utaona vidole vinavyofuata namba moja moja, na nyuso zinazokunjamana kwa kufikiri. Anawaambia hivyo ndivyo kiwanda cha uchapaji kinavyokiona kitabu: karatasi kubwa, imechapwa pande zote mbili, kurasa zimetapakaa namna ambayo mtu wa kawaida angedhani ni fujo, kisha inakunjwa, inashonwa, inapunguzwa kingo, na kila ukurasa unajikuta mahali pake. Karatasi mbili za namna ile ni kurasa 32, na ndiyo sababu vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32. Mtoto mmoja aliwahi kumuuliza: na kama hadithi yako ni ya kurasa 33? Akamwambia: "Unakaa chini unatafuta kinachotoka. Wewe ungetoa kipi?"

Napenda anavyowageuzia maswali. Dada huyu ndiye aliyenionyesha pia jambo la milango.

Gawa karatasi tupu kwenye darasa lolote la shule ya msingi, waambie wachore wanachotaka, na utapata picha moja mara 60. Nyumba yenye paa la pembetatu, madirisha mawili, milima miwili nyuma na jua katikati yake, mti mmoja, bendera. Watoto ambao hawajawahi kuona mlima wanachora milima. Wameirithi picha ile kutoka kwa kaka na dada zao, kutoka ukutani, kutoka kwenye madaftari ya waliotangulia. Siidharau kazi ya kunakili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli, na vijana waliokaa pembeni yake walijifunza kwa kuufuata mkono wake. Alifariki mwaka 1972, na mtindo haukufa naye kwa sababu kulikuwa na watu walionakili. Lakini kunakili kunazaa matunda pale ambapo baadaye mtu anaulizwa: na wewe umeona nini?

Dada yule huuliza kuhusu mlango. Anasema, "Chora mlango wa kwenu," basi. Shule moja ya Morogoro, mvulana alimwita pembeni, akamnong'oneza kwamba wao mlango wao wa chumbani si mbao, ni pazia. Alikuwa anaomba ruhusa achore mlango wa watu wengine. Dada hakumwambia kwamba pazia nalo ni zuri, wala hakumpa moyo. Alimuuliza, "Lina maua au mistari?"

"Maua."

"Yote yanafanana?"

Mvulana akafikiri. "Ya upande wa jua yamefifia."

"Nataka kuyaona yaliyofifia na yasiyofifia."

Saa nzima iliyobaki mvulana yule alikuwa kwenye pazia lake. Alikodolea macho penseli za rangi, akajaribu nyekundu kwa kuibonyeza, kisha kwa kuigusa kidogo tu, akagundua mwenyewe kwamba rangi moja inaweza kutoa maua mapya na maua ya zamani. Kule juu alichora waya, na misumari miwili, mmoja umepinda. Ule msumari uliopinda hakuna aliyemwomba.

Nadhani mtu anayeandika na kuchora kwa wakati mmoja ana wepesi fulani wa kufanya mambo haya. Katika vitabu vyetu vingi mwandishi na mchoraji hawaonani kabisa. Mswada unapita kwa mhariri, na mchoraji anapelekewa orodha: ukurasa wa 5, mtoto analia, ukurasa wa 9, bibi anapika. Anachora mtoto analia, na chini ya picha maneno yanasema mtoto analia. Msomaji mdogo anaambiwa jambo moja mara mbili na haachiwi kazi yoyote. Mwenye kufanya yote mawili anaweza kumwachia. Akiona picha ya mama ufukweni imeshasema kila kitu, anafuta sentensi isemayo kwamba mama alisimama ufukweni. Nimewahi kuona hilo likifanyika mbele ya watoto, mchoraji akiuliza sentensi ibaki au itoke, nao wakapiga kura kwa mikono. Walipenda kutoa. Watoto wanapenda kutoa kuliko sisi wahariri.

Tumekuwa na watu wa namna hii, na hatujawajua vya kutosha. John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga na kukulia kisanaa katika mtindo wa Tingatinga, anatunga na kuchora hadithi za wanyama waliovaa mashati na vitenge, wanaobeba samaki kwenda sokoni na kugombana kama majirani wanavyogombana. Vitabu vyake vya picha vilitoka kwanza Uswisi kwa Kijerumani, vingine vikatoka Kanada kwa Kiingereza. Najivunia kwamba mtoto wa Zurich amelala akiwa na sungura wa Ufipa mtoni. Nasikitika pia, kwa sababu ningetaka mtoto wa Sumbawanga apate kitabu hicho mapema kuliko wote, na akipate kwa Kiswahili, na mwenyewe Kilaka asimame darasani kwao akimuuliza kama samaki wa Ziwa Rukwa wanabebwa hivyo kweli. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, alitoa Abunuwasi wake wa michoro kwa Kiswahili Nairobi mwaka 1996. Hata hivyo ukiwauliza watu wa rika langu juu ya "Kibanga Ampiga Mkoloni" tuliyoisoma shuleni, watakusimulia hadithi yote bila kukosea. Waulize nani alichora picha za Tujifunze Lugha Yetu, vitabu vya shule vilivyokuwa na hadithi ile. Hawana jina la kukupa.

Kuna suala la malipo, na sitalizunguka. Uingereza ilipoanzisha mwaka 1999 cheo cha heshima cha mwandishi wa watoto wa taifa, wa kwanza kukishika alikuwa mchoraji, Quentin Blake. Huko, mwandishi kwenda shuleni ni kazi inayolipwa, na wapo ambao ziara za shule ni sehemu kubwa ya kipato chao. Kwetu mchoraji anarudishiwa nauli, anapewa chakula kizuri cha mchana kwa ukarimu wa kweli wa walimu, na anarudi nyumbani akiwa amepoteza siku mbili za kazi. Hawezi kuidai shule, maana shule yenyewe inahangaikia chaki. Anayepaswa kulipa ni sisi tunaochapa, kwa sababu sisi ndio tunaofaidika. Ile kanga ingechapwa ilivyokuwa, kila mtoto wa pwani angeiona, na asingekuwa na mtu wa kumwambia.

Baada ya ziara, mgeni anaondoka na mwalimu anabaki. Jambo hili Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, uliliona mapema: ukaunganisha kuwasaidia wachapishaji kutoa vitabu vya watoto kwa Kiswahili na kuwafundisha walimu namna ya kuvitumia darasani. Kitabu bila mwalimu anayekipenda huishia kabatini. Nimeonyeshwa makabati hayo, yamefungwa kwa kufuli, vitabu vimepangwa wima, majalada yanang'aa. Mwalimu anayetunza funguo anavionyesha kwa fahari kwamba hakuna hata kimoja kilichochanika, na ninaelewa hofu yake, maana kikipotea ataulizwa yeye. Ninachomwomba kila mara ni ruhusa ya kuacha baadhi ya vitabu nje ya hesabu ya kabati, vitabu ambavyo hakuna atakayeulizwa, vya kukaa kwenye kiti nyuma ya darasa mpaka vichakae. Wengine wanakubali. Wengine wanashindwa, kwa sababu juu yao kuna mkaguzi, na juu ya mkaguzi kuna mwingine.

Lakini mwalimu anaweza kubakiza kitu kingine ambacho hakihitaji funguo. Yule mwalimu wa Pangani aliniambia kwa simu, miezi baadaye, kwamba ameanza kuwauliza watoto wake swali moja kila Ijumaa ambalo yeye hajui jibu lake. Wiki ile alikuwa amewauliza kwa nini kuku wa kwao wanalala juu ya mti mmoja tu wakati uwanja una miti mitatu. Alisema wamegawanyika makundi mawili na wazazi wameingia.

Kuna wenzangu katika kazi hii wanaoona kwamba tunawavunjia wachoraji heshima tunapowapeleka na rasimu, kwamba mtoto anapaswa kukutana na kazi iliyokamilika ili apate cha kuiga na cha kutamani. Nawaheshimu, na sikubaliani nao. Kazi iliyokamilika mtoto atakutana nayo siku zote za maisha yake akiwa na bahati. Kazi ambayo bado inaweza kubadilishwa na neno lake ataipata mara chache mno, na ikishatiwa rangi na kupelekwa kiwandani, nafasi imekwisha, kwa sababu kurekebisha ukurasa mmoja baada ya hapo ni gharama ambayo hakuna mchapishaji wetu anayeikubali kwa furaha.

Sasa hivi mezani nina rasimu ya hadithi ya watoto wawili wanaoshuka mlima kwenda kuchota maji upande wa Lushoto. Mchoraji wake hajawahi kufika Usambara. Ndoo kazichora vichwani, njia kaichora imenyooka, ukungu kauweka chini bondeni, na mimi sina uhakika na hata kimoja kati ya hivyo. Kwenye bajeti ya kitabu nimeanza na nauli, malazi, malipo ya siku za mchoraji na rimu mbili za karatasi, gharama ya uchapaji ikafuata chini. Mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule tunayokwenda ametukubalia, ila ameuliza kwanza kama wanafunzi wake wataruhusiwa kuikataa picha wakiona haifai. Nimemjibu kwamba hicho ndicho tunachokifuata.